"Ni kama mwanangu": yanayosemwa kuhusu dada wa kazi na yaliyomo kwenye sheria

Tanzania Bara, dada wa kazi analindwa na sheria ile ile inayomlinda karani wa benki: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. (Zanzibar ina sheria yake ya ajira.) Hakuna kifungu kinachosema "isipokuwa wa nyumbani". Lakini sikiliza yanayosemwa barazani na kwenye magrupu ya kina mama.

"Hatukuandikiana mkataba, hana pa kushika."

Hili ndilo linalowaponza waajiri wengi. Kuandika masharti ya kazi, yaani kazi gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani, ni wajibu wa mwajiri. Shauri likifika mbele ya wasuluhishi naye hana maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha anachodai mfanyakazi unamwangukia yeye. Binti akisema mlikubaliana Sh 200,000, wewe ukasema Sh 150,000, wewe ndiye wa kuleta ushahidi. Wengi hukwepa karatasi wakidhani wanajikinga.

"Kavunja blenda, mwezi huu mshahara hana."

Kukata mshahara kuna utaratibu wake. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na awe amekubali kwa maandishi kukatwa. Hata hapo, makato hayazidi robo ya mshahara wake wa fedha. Anayelipwa Sh 160,000 hakatwi zaidi ya Sh 40,000, blenda iwe ya bei gani.

Na ile desturi ya kumtumia mama yake kijijini, "asije akauchezea"? Sheria inataka alipwe yeye, au pesa iingie kwenye akaunti aliyoitaja mwenyewe.

"Ni mtoto wa dada yangu, anasaidia saidia tu."

Chini ya miaka 14 hakuna ajira, undugu usiwe kisingizio. Kuanzia 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru afya wala kumkosesha shule. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua kuwa mtoto mpaka atimize 18, na inakataza kumfanyisha kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kwa hiyo taarifa ya habari ya saa 2 ikianza, binti wa miaka 15 awe ameshanawa mikono. Ni nyumba ngapi mtaani kwenu ambako saa hiyo ndiyo kwanza vyombo vya chakula cha jioni vinamngoja? Mimi neno "kama mwanangu" hunitia shaka kila ninaposikia limesemwa juu ya mtoto ambaye haendi shule wakati watoto wa nyumba hiyo wanaenda.

"Analala hapa hapa, ana saa za kazi gani?"

Saa 45 kwa wiki. Zinazozidi ni ovataimu. Apate saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki, na saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Kwa anayeishi kazini hizo 12 zinaweza kushushwa hadi 8.

"Ana mimba, nimempa nauli arudi kwao."

Kumwachisha kazi kwa sababu ya mimba si sababu halali, na sheria inataja mimba waziwazi kati ya misingi ya ubaguzi inayokatazwa, pamoja na kabila, ulemavu na kuishi na virusi vya ukimwi. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja.

"Nampiga kibao kumfundisha."

Hilo ni kosa la jinai. Anaenda polisi, dawati la jinsia na watoto, anachukua PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, akatibiwe.

"Kesi za kazi zinataka wakili na pesa."

Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile wanayoiita CMA. Anaweza kwenda mwenyewe au na kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi, bila wakili. Kinachowaangusha wengi ni kalenda: aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka shauri, madai mengine siku 60. Hizo 30 zinahesabiwa tangu alipoachishwa, wala si tangu alipofika kijijini akawasimulia wazazi.