Nipungue Kwanza, Vyuma Baadaye

"Kocha, mimi bado mnene. Ngoja nipungue kwanza, nikifika kilo sabini ndiyo nianze vyuma." Haya nayasikia hapa Dodoma, kwa mtumishi wa serikali wa Mtumba, kwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha UDOM, kwa mama mwenye duka Majengo. Anayeyasema ataenda moja kwa moja kwenye mashine ya kukimbilia, atatembea dakika arobaini huku anachati, kisha usiku atakula tikiti maji tupu na kulala na njaa.

Matokeo yake nayajua. Mizani itashuka, kweli. Uso utasinyaa, sketi itapwaya, na ofisini wataanza kumuuliza kama anaumwa. Lakini mkono ukiushika bado ni nyama uzembe, tumbo limepungua bila kukaza, na ngazi za ghorofa ya tatu zinamhemesha vilevile. Siku akichoka na tikiti, kilo zinarudi, na sehemu kubwa zinarudi zikiwa mafuta.

Ukila pungufu bila kuipa misuli kazi, mwili hauchomi mafuta peke yake. Kwa makadirio ya kawaida, robo hivi ya uzito unaopotea hutoka kwenye misuli na sehemu nyingine zisizo mafuta. Mwili unafanya kama mwajiri aliyekatiwa bajeti: anayeonekana hana kazi ndiye anayetangulia kupewa barua. Ukibeba chuma, unaupa mwili sababu ya kubaki na msuli, na upungufu wa chakula unazibwa zaidi na mafuta yaliyolala kiunoni.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba anayeahirisha ndiye mwenye bahati kuliko wote waliomo jimu. Msuli ambao haujawahi kubebeshwa uzito hujibu haraka. Mtu anayeanza, hasa mwenye mafuta ya kutosha mwilini, anaweza kupunguza mafuta na kujenga msuli kwa wakati mmoja, jambo ambalo mzoefu wa miaka mitano analitafuta kwa tochi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walitoa matokeo ya vijana 40 wa kiume wenye uzito uliozidi. Walipunguziwa chakula kwa asilimia 40 hivi ya mahitaji yao, wakafanyishwa mazoezi makali kwa wiki nne, yakiwemo ya vyuma. Kundi lililokula kwa siku gramu 2.4 za protini kwa kila kilo ya uzito lilipoteza kilo 4.8 za mafuta na kuongeza kilo 1.2 za mwili usio mafuta. Kundi la gramu 1.2 lilipoteza kilo 3.5 za mafuta, na msuli wake haukupungua. Usiige ukali ule, wale walikuwa chini ya uangalizi. Lakini kama msuli uliweza kuongezeka kwenye njaa ile, wewe unasubiri sabini ya nini?

Anza wiki hii, mara tatu, kwa kuachia siku moja katikati. Kuchuchumaa, kusukuma, kuvuta, kunyanyua uzito kutoka sakafuni, na kutembea umeshika dambeli mikononi. Seti mbili au tatu, kila seti mara nane hadi kumi na mbili, na uishie pale unapoona ungeweza kurudia mara mbili tatu zaidi kwa kujikakamua. Ukifikisha kumi na mbili bila kuyumba, ongeza uzito kidogo. Na nunua daftari! Hili silegezi. Asiyeandika alibeba kilo ngapi Jumatatu atabeba zilezile hadi Krismasi, halafu atasema vyuma havimfai. Kutembea endelea nako, ni kuzuri kwa moyo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, lakini ni shirika hilohilo linalotaka mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Watu wameisoma nusu ya kwanza tu.

Wiki ya pili anakuja amenuna: "Mbona nimeongezeka kilo moja?" Umeongezeka maji. Msuli ulioanza kazi hujiwekea akiba ya glaikojeni, yaani sukari ya kutumia kazini, na kila gramu yake hukaa na gramu kama tatu za maji. Ndiyo maana mizani siipi heshima wanayoipa wengine. Tafuta tepe ya fundi cherehani. Pima asubuhi ukitoka chooni, kabla ya chai. Tepe ipite usawa wa kitovu, isilegee wala isikate nyama, upumue kawaida, na usivute tumbo ndani, maana hapo unamdanganya nani? Rudia kila baada ya wiki mbili, uandike kwenye daftari lilelile. Kiuno kikishuka na kilo za kuchuchumaa zikipanda, mizani iseme inachotaka.

Chakula nacho kina dhana zake. Ya kwanza ni kwamba bila poda ya protini hakuna msuli. Lengo zuri ni gramu 1.6 za protini kwa siku kwa kilo moja ya uzito wako, na mnene sana apige hesabu kwa uzito anaotaka kuufikia. Yai moja lina gramu sita. Gramu mia za nyama iliyopikwa, isiyo na mafuta mengi, zina zaidi ya ishirini. Dagaa wakavu ni protini karibu nusu au zaidi ya uzito wao, na Majengo wamejaa. Kwa mama ntilie, sahani yetu ni mlima wa ugali na maharage ya kulowanisha tu. Igeuze: ugali nusu, maharage bakuli zima, mlenda kadiri upendavyo. Poda ni chakula kilichosagwa, nunua kama una hela ya ziada. Mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari wake kabla ya kuongeza protini.

Ya pili ni yetu sisi wa kanda hii: "Mafuta ya alizeti hayanenepeshi, hayana lehemu." Lehemu, yaani kolesteroli, kweli hayana. Kalori yanazo tisa kwa kila gramu, sawa na mafuta mengine yoyote ya kupikia. Kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120 hivi, na mimi nimeona mboga ya watu wawili ikimiminiwa kwa kukadiria na jicho, moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Zabibu kavu vivyo hivyo. Ni tunda, ndiyo, lakini maji yametoka na sukari imebaki.

Jasho. Kila Oktoba, jua likiwa kali, lazima nimkute mtu anakimbia amevaa koti la mvua, tumbo limefungwa nailoni. Anachopunguza ni maji, na bakuli la uji linayarudisha. Avue.

Akina dada wanaogopa kuwa na miili ya kiume. Homoni ya kiume, testosteroni, kwa mwanaume ni zaidi ya mara kumi ya ile ya mwanamke, na hata huyo mwanaume anahangaika miaka kupata kifua. Hutaamka umetanuka kwa bahati mbaya.

Kukunja tumbo mara mia kila asubuhi hakuchagui mafuta ya tumboni. Msuli hauwi mafuta ukiacha mazoezi. Msuli unasinyaa, mafuta yanaongezeka, kila kimoja kivyake. Na maumivu makali si kipimo cha mazoezi mazuri. Ukivimba na mkojo ukawa wa kahawia baada ya siku ya kwanza, nenda hospitali, usinywe dawa ya maumivu ukalala.

Wastaafu wananiambia umri umepita. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wazee kumi wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye umri wa wastani wa miaka tisini, walionyanyua vyuma kwa wiki nane. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wewe una sitini na mbili. Kapime presha, lete majibu.