Fununu ya hisa: piga kwanza hesabu ya kuingia na kutoka

Msimu wa kutangaza hesabu za mwaka ukifika, ujumbe wa namna hii huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: "Wadau, benki ile inatangaza gawio nono wiki ijayo. Nunueni kabla bei haijapaa. Habari ni za ndani kabisa." Gawio ni sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa. Mjadala unaofuata huwa ni wa hisa ipi na bei itafika wapi. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: nikinunua leo na kuuza baada ya mwezi, bei inapaswa kupanda kwa kiasi gani ili nirudi nilipoanzia tu?

Jibu linapatikana kwa kalamu na karatasi.

Kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), kamisheni ya wakala, au broka kama wengi wanavyomwita, inakwenda kwa madaraja: asilimia 1.7 kwa shilingi milioni 10 za kwanza, asilimia 1.5 kwa milioni 40 zinazofuata, na asilimia 0.8 kwa kinachozidi milioni 50. Juu ya kamisheni kuna asilimia 0.14 ya DSE, asilimia 0.14 ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), asilimia 0.06 ya CSDR inayotunza kumbukumbu za umiliki, na asilimia 0.02 ya Mfuko wa Fidelity, ulio kwa ajili ya mteja aliyeumizwa na wakala. Kwa mwekezaji mdogo jumla ni asilimia 2.06, kisha kamisheni ya wakala huongezewa VAT. Viwango hupitiwa upya, kwa hiyo muulize wakala wako viwango vya siku hiyo kabla ya kuweka oda. Anayewekeza Nairobi atumie jedwali la soko la kule. Njia ya kukokotoa ni hii hii.

Tuchukue hisa 2,000 kwa bei ya shilingi 500, yaani shilingi milioni moja. Kamisheni ni 17,000. DSE 1,400, CMSA 1,400, CSDR 600, Fidelity 200. VAT ya asilimia 18 juu ya kamisheni ni 3,060. Jumla 23,660, hivyo unatoa mfukoni shilingi 1,023,660. Siku ya kuuza unakatwa ada zile zile. Ukipiga hesabu hadi mwisho, hisa uliyonunua kwa 500 inapaswa kufika takriban 524 na senti kadhaa ndipo urudishe pesa yako bila faida wala hasara. Hiyo ni karibu asilimia 4.8. Aliyekuambia "itapanda asilimia tano, uhakika" amekuahidi kiasi kisichotosha hata chakula cha mchana.

Ada hizi si kubwa kwa anayekaa na hisa. Asilimia 4.7 hivi ya kuingia na kutoka, ikigawanywa kwa miaka mitano, haifiki asilimia moja kwa mwaka. Lakini anayefuata kila fununu na kuuzungusha mtaji wake wote mara nne kwa mwaka analipa karibu asilimia 19 ya mtaji huo. Ni vigumu kuipata kampuni itakayofidia hilo mwaka baada ya mwaka.

Kuna wanaoikatakata oda wakidhani wanapunguza hatari. Kwa milioni moja au mbili haidhuru, maana ada ni asilimia, ila gharama za kutuma pesa kwa simu zitajirudia. Kwa kiasi kikubwa inadhuru. Oda moja ya milioni 30 inatozwa kamisheni ya 170,000 kwa milioni 10 za kwanza na 300,000 kwa milioni 20 zilizobaki, jumla 470,000. Ukiigawa miamala mitatu ya milioni kumi kumi kwa siku tofauti, kila mmoja unaanzia daraja la kwanza la asilimia 1.7: jumla 510,000. Umelipa 40,000 zaidi kwa hisa zile zile.

Gharama isiyoandikwa kwenye jedwali lolote

Kamisheni angalau inaonekana. Inayowaumiza wengi zaidi ni pengo kati ya bei ya anayetaka kununua na ya anayetaka kuuza, na kwenye soko letu pengo hilo linaweza kuwa pana, hasa kwa kampuni ndogo ambazo hisa zake zinaweza kukaa siku nyingi bila kuuzwa hata moja.

Tuseme kampuni fulani ina hali hii asubuhi. Upande wa wanunuzi, kuna oda ya hisa 12,000 kwa 480. Upande wa wauzaji, kuna hisa 3,000 kwa 500, nyingine 1,500 kwa 510, kisha 20,000 kwa 530. Mtu amesoma ujumbe kwenye kundi, anampigia wakala: "Ninunulie hisa elfu kumi, bei yoyote iliyopo." Wakala anafanya alivyoambiwa. Anapata 3,000 kwa 500, 1,500 kwa 510, na 5,500 kwa 530. Amelipa 5,180,000, wastani wa 518 kwa hisa, kabla ya ada.

Kesho yake akipata dharura na kulazimika kuuza, mnunuzi aliyepo bado ni yule wa 480. Anapata 4,800,000. Hasara ya bei ni 380,000, na ada za pande zote mbili, pamoja na VAT, ni kama 236,000. Jumla 616,000, karibu asilimia 12 ya pesa yake, wala kampuni yenyewe haijapatwa na jambo lolote baya. Tena ajiulize ni nani waliokuwa wakiuza kwa 500 na 510 asubuhi ile. Haijulikani, lakini anayetaka kuuza hisa zake kwenye soko lenye wanunuzi wachache ana sababu nzuri ya kuwahamasisha wengine wanunue.

Kinga ni oda yenye ukomo wa bei: "Nunua hadi hisa elfu kumi, usizidi 500, oda idumu siku kumi." Kwa mfano ule angepata hisa 3,000 na kusubiri zilizobaki. Kusubiri kunakera, na mara nyingine bei inakimbia ukabaki bila hisa. Hiyo nayo ni gharama, ila huitoi mfukoni. Ukitumia programu ya DSE Hisa Kiganjani au jukwaa la wakala wako, tazama oda za pande zote mbili na idadi ya hisa zilizouzwa siku za karibuni kabla ya kuandika bei. Ikiwa hisa zinazouzwa kwa siku ni mia chache na wewe unataka elfu kumi, jua kwamba kutoka kutakuchukua wiki au miezi. Bei inayotajwa kwenye taarifa ya soko ni ya muamala uliokwisha kufanyika. Haina maana kwamba kuna mtu anakusubiri na pesa mkononi kwa bei hiyo.

Fununu ya gawio

Hii ndiyo inayovuma kuliko zote, na inawanasa hata watu makini kwa sababu gawio lenyewe ni la kweli. Rudi kwenye hisa zetu 2,000 za shilingi 500. Kampuni imetangaza gawio la shilingi 40 kwa hisa. Unanunua ukiwa na nia ya kulichukua na kuondoka. Gawio ghafi ni 80,000; kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, kwa kampuni iliyoorodheshwa sokoni ni asilimia 5, unabaki na 76,000. Tarehe ya kufunga rejista, yaani orodha ya wenye hisa watakaolipwa gawio, ikipita, anayenunua sasa halipati gawio hilo, hivyo hatoi tena 500. Tuseme anatoa 465. Unauza, unapata 930,000, ada zinakata 22,000. Ukijumlisha na gawio una shilingi 984,000 hivi, na ulitoa 1,023,660. Umepoteza karibu 40,000 kwa kufuata gawio lililolipwa kikamilifu na kwa wakati.

Kuna kosa jingine hapo hapo, la tarehe. Kinachotazamwa siku ya kufunga rejista ni jina lililomo kwenye rejista, na hisa ulizonunua huchukua siku chache za kazi kuhamia kwenye akaunti yako ya CDS, ile inayotunza hisa kwa jina lako. Anayenunua jioni ya mwisho amelipa bei yenye gawio, na gawio linakwenda kwa aliyemuuzia. Tangazo la kampuni hutaja siku ya mwisho ya kununua hisa zikiwa na gawio. Soma tarehe hiyo, si ile ya malipo ambayo makundi hupenda kuisambaza.

Kupima ujumbe wenyewe

Habari inayodai kwamba bei itapanda ama imeshatangazwa kwa umma, ama haijatangazwa. Ikiwa imetangazwa, wenye mitaji mikubwa wameisoma kabla yako na kuna uwezekano mkubwa bei imeshaibeba. Ikiwa haijatangazwa na kweli imetoka ndani ya kampuni, kuitumia kununua au kuuza ni kosa chini ya Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, Sura ya 79. Maneno "habari za ndani" yanapaswa kukutia wasiwasi, si hamasa. Na ikiwa haikutoka ndani, basi ni uvumi mtupu.

Linabaki jambo moja la maana ambalo kundi linaweza kukupa: uchambuzi wa taarifa ambazo kila mtu anaweza kuzipata lakini wachache wamezisoma. Unatambulika kwa tarakimu zake. Mtu mwenye hoja atasema faida kwa hisa ya mwaka jana ilikuwa kiasi gani, bei ya leo ni mara ngapi ya faida hiyo, mikopo chechefu (isiyolipwa kwa wakati) au gharama za uendeshaji zimekwendaje, na ni nini kikitokea atajua kwamba amekosea. Unaweza kufungua hesabu za kampuni na kumhakiki mstari kwa mstari. Asiye na hoja huleta picha ya skrini na alama za roketi.

Hata tarakimu zina mitego. Hisa ya 500 si "rahisi" kuliko ya 5,000. Kampuni ya kwanza ikiwa na faida ya 25 kwa hisa unalipa mara 20 ya faida, ya pili ikiwa na 1,000 unalipa mara 5. Kuchukua faida ya robo mwaka na kuizidisha kwa nne hupotosha pale biashara inapokwenda kwa misimu. Na kampuni ikitoa hisa mpya, faida ile ile inagawanywa kwa hisa nyingi zaidi, hivyo linganisha faida kwa hisa, si faida ya jumla.

Msisimko wa umma nao si kipimo. NMB iliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 600 na CRDB mwaka 2009 kwa 150, na waliovumilia walilipwa vizuri. Vodacom Tanzania ikaja 2017 kwa 850 ikakusanya shilingi bilioni 476, na wengi walinunua wakiwa na mifano ya benki zile vichwani. Bei ikashuka chini ya 850 na kukaa huko kwa miaka. Hoja iliyotolewa vijiweni ilikuwa moja kwa zote tatu: "Kampuni kubwa, haiwezi kuanguka."

Mnaojadili hisa pamoja mnaweza kuweka kanuni chache zinazosaidia: anayeleta hisa ataje kama anayo, alinunua kwa bei gani na ana mpango wa kuuza lini, alete chanzo kinachofunguka, na mazungumzo yahifadhiwe ili baada ya mwaka mtazame ni nani alikuwa akisema kweli. Hii ya mwisho hupunguza kelele kuliko zote, kwa kuwa watoa fununu wengi hufuta ujumbe usiotimia.

Kundi likianza kutoza ada ya uanachama ili upewe "hisa za wiki", huo ni ushauri wa uwekezaji kwa malipo na unahitaji leseni ya CMSA. Uliza jina lililo kwenye leseni, kisha lithibitishe kwa CMSA yenyewe. Likianza kukusanya michango ili mtu mmoja anunue kwa niaba ya wote kwenye akaunti yake, kataa. Kisheria hisa ni za mwenye jina kwenye CDS, na akifariki au mkigombana mtakuwa mnadai, si mnamiliki. Kikundi kinaweza kufungua akaunti kwa jina lake. Wakala atahitaji katiba, muhtasari wa kikao na watia saini. Malipo yaende kwenye akaunti rasmi ya wakala au kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo, kamwe si kwa namba ya simu ya mtu binafsi, hata kama picha yake ina nembo ya kampuni unayoijua.

Baada ya kila muamala, chukua hati yake uilinganishe na oda uliyotoa: idadi ya hisa, bei, kila ada kwa mstari wake. Siku chache baadaye omba taarifa ya CDS uone hisa zimeingia. Zihifadhi zote mbili, maana bila hati huwezi kujua bei yako halisi ya kununulia. Tofauti ikijitokeza, mwandikie wakala kwanza, kwa barua au barua pepe yenye tarehe. Asipojibu, peleka malalamiko CMSA ukiwa na nakala hizo. Mfuko wa Fidelity unaouchangia asilimia 0.02 kila unaponunua na kuuza upo kwa ajili ya mteja aliyeumizwa na wakala aliyeshindwa kutimiza wajibu wake. Hasara ya bei, iwe ya fununu au ya uchambuzi mzuri, haimo humo.