"Ni wimbo wa zamani" si ruhusa: mfano wa "It's Your Thing" ya The Isley Brothers

Malalamishi ya video kuondolewa sauti mtandaoni yanazidi kutufikia, na utetezi ni uleule: "Huo ni wimbo wa zamani." Tuuchukue "It's Your Thing" wa mwaka 1969.

Ndugu O'Kelly, Rudolph na Ronald Isley walikuwa wametoka Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, na kuifufua lebo yao, T-Neck. Waliutunga wenyewe, mdogo wao Ernie akapiga gitaa la besi. Ulifika nambari 2 kwenye chati kuu ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, nambari 1 upande wa R&B, ukawaletea Grammy. Motown ikashtaki, ikidai ulirekodiwa mkataba wake ukiwa bado hai. Kesi nzima ikasimama juu ya tarehe, na akina Isley wakashinda. Msanii, hifadhi barua ya kusitisha mkataba pamoja na rekodi za studio zenye tarehe.

Sasa hesabu. Wimbo una haki mbili: utunzi (maneno na muziki wenyewe) na rekodi (sauti iliyorekodiwa). Nchini Marekani utunzi huu unalindwa hadi mwisho wa 2064, rekodi hadi 15 Februari 2067. Kwa sheria ya Kenya, rekodi hulindwa miaka 50, kwa hiyo ya 1969 imemaliza muda wake. Wengi husoma hadi hapo wakafunga kitabu! Utunzi hulindwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na watunzi wakiwa watatu, hesabu huanza akifariki wa mwisho. Isitoshe, video ya intaneti hutazamwa Marekani pia.

Omba ruhusa kwa maandishi, barua mbili: moja kwa mchapishaji wa utunzi (anayesimamia haki za utunzi), nyingine kwa mwenye rekodi. Taja watunzi, toleo, sekunde utakazotumia (kuanzia wapi hadi wapi), nchi, muda wa matumizi, na kama kuna matangazo ya biashara. Weka namba za kimataifa za utambulisho: ISRC ya rekodi, yenye herufi na tarakimu 12 kwa jumla, na ISWC ya utunzi, inayoanza na T. Wanaokosea huandika ISRC kwenye barua zote mbili, na mchapishaji hawezi kuutambua utunzi kwa namba hiyo. Ukiurekodi upya kwa sauti zako, barua ya rekodi haihitajiki. Ya utunzi inabaki. Kimya si kibali. Jibu la mmoja halitoshi.

Hakuna sheria ya "sekunde 30 za bure". Kumtaja msanii hakuondoi kosa. Wala "sikukusudia": mwaka 1994 juri ya Los Angeles iliamua kuwa Michael Bolton alinakili wimbo mwingine wa akina Isley, na kunakili bila kujitambua hakukumwokoa. Fidia ilikuwa dola milioni 5.4, na mahakama ya rufaa ikaithibitisha mwaka 2000. Pasipo kuthibitisha hasara, sheria ya Marekani huruhusu fidia ya dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi iliyosajiliwa, na hadi 150,000 ukikosea kwa makusudi.