Select sio kuchuja jamani

Juzi kijana tunayefanya naye kazi kanijia, "bro nimeselect wagonjwa wa Temeke tu mbona bado naona 12,000?" Nikaangalia alichoandika, select(wagonjwa, wilaya), na R (lugha ya kuchambua data) imempa alichoomba: safu wima moja ya wilaya, mistari yote 12,000, Temeke, Ilala, Kinondoni, wote wamo.

Kwa kifupi, kwenye R ukitumia dplyr (kifurushi chake cha kushughulikia majedwali), select inachukua safu wima, filter inachukua mistari. Jedwali likiwa kwenye database ni vilevile tu, R inakuandikia SQL (lugha ya kuulizia database) kwa nyuma.

Ila simlaumu sana, neno lenyewe lina historia ya kuchanganya watu. Edgar Codd wa IBM alipotoa modeli yake ya mahusiano (data kupangwa kimajedwali) mwaka 1970, kuchukua safu wima alikuita projeksheni, na kwenye vitabu vya aljebra ya modeli hiyo selekisheni ni kuchagua MISTARI. Halafu 1974 Chamberlin na Boyce, wa IBM hukohuko, wakaja na SEQUEL ambayo ndiyo SQL ya leo, neno SELECT wakalibandika pale unapotaja safu wima, mistari wakaiachia WHERE. dplyr ikarithi hiyo ya SQL. Sasa mtu katoka darasani na aljebra yake kichwani akifungua R lazima apotee.

Na projeksheni ifikirie kama kivuli: watu wawili wakipangana mbele ya taa, ukutani unaona kivuli kimoja. Ya Codd iko hivyo, Temeke ikijirudia mara 3,000 inabaki moja. SELECT ya SQL haikufanyii hivyo mpaka uongeze DISTINCT, na ya dplyr nayo hivyohivyo, distinct unaiita mwenyewe.

Halafu kuna wanaoanza na select ya jina na umri ndio wachuje kwa wilaya, wakati wilaya wameshaitupa, R ikigoma wanasema ina bagi. SQL ndiyo imewazoesha vibaya, kule unachuja hata kwa safu usiyoionyesha, maana WHERE inafanyika kabla ya SELECT japo imeandikwa chini yake.

Kijana nilimwambia tu aweke filter(wilaya == "Temeke") kwanza, select ije baadaye, na siku nyingine akisema kaselect watu nitamuuliza safu zipi.