Ukaguzi wa uchaguzi ni nini, na kwa nini huzua ubishi

Ukaguzi wa uchaguzi ni kazi ya kupima kama matokeo yaliyotangazwa yanalingana na kura zilizopigwa, kwa kutumia ushahidi ambao haukutoka katika mfumo uleule unaokaguliwa. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayogombewa. Kompyuta iliyojumlisha vibaya, ukiiambia ijumlishe tena, itakupa jibu lilelile. Hapo hakuna kilichokaguliwa.

Ubishi mwingi huanzia kwenye jina. Kuhesabu upya huitwa ukaguzi, na sivyo. Chukua kituo cha mfano katika kata moja ya Moshi, kilichopokea karatasi 500 za kura. Wapiga kura 312 walitiwa alama kwenye daftari, karatasi 4 ziliharibika zikabadilishwa, na 184 zilibaki bila kutumika. Jumla ni 500, kwa hiyo sandukuni zinatakiwa karatasi 312. Zikikutwa 319, anayehesabu upya atahesabu zote 319 kwa uaminifu kabisa, na jibu lake litakuwa baya. Mkaguzi huanza na daftari, vishina na karatasi zilizobaki. Zile 7 za ziada atazikuta kabla hajajua zimempigia nani.

Hata hivyo, kazi yote hiyo haifai kitu kama sanduku halikulindwa. Mlolongo wa ulinzi ni kumbukumbu ya nani alikuwa na sanduku saa ngapi, lilifungwa kwa lakiri yenye namba gani, lilipokewa na nani, na namba iliyosomwa wakati wa kupokea ilikuwa ileile au la. Makosa ya hapa ni ya kawaida mno: namba za lakiri haziandikwi kituoni, au zinaandikwa na mtu mmoja bila mawakala wa vyama kuweka sahihi, gari linachelewa saa tatu njiani na hakuna maelezo, chumba cha kuhifadhia kina ufunguo mmoja unaokaa kwa ofisa mmoja. Si lazima mtu awe ameiba. Pengo hilo pekee linatosha kumfanya aliyeshindwa akatae matokeo ya ukaguzi, na hatakuwa anabisha bure, kwa sababu kilichokaguliwa hakithibitiki kuwa ndicho kilichopigwa.

Sehemu ya pili inayosumbua ni sampuli. Mnunuzi wa mahindi katika soko la Kilombero, Arusha, hamwagi kila gunia chini. Anadunga bambo, anaangalia punje. Lakini muuzaji akimchagulia magunia ya kudunga, bambo halina faida. Kwenye kura ni hivyohivyo: vituo au karatasi za kukagua lazima zichaguliwe kwa bahati nasibu, mbele ya watu, na baada ya matokeo ya kila kituo kuwa yameshaandikwa na kutolewa. Orodha ikijulikana mapema, mwenye nia mbaya ataviacha vituo hivyo safi. Jimbo la Colorado, Marekani, lililoanza ukaguzi wa namna hii kwa jimbo zima mwaka 2017, hurusha dadu zenye pande kumi hadharani hadi zipatikane tarakimu 20. Tarakimu hizo huingizwa kwenye programu inayojulikana na kila mtu, nayo hutoa orodha ya karatasi za kuvuta. Mtu yeyote mwenye tarakimu hizo anaweza kuitoa orodha ileile nyumbani kwake.

Ukaguzi huo huitwa wa kuwekea hatari kikomo. Kikomo kikiwa asilimia 5, maana yake ni kwamba iwapo aliyetangazwa si mshindi wa kweli, uwezekano wa ukaguzi kumpitisha hauzidi 5 katika 100. Idadi ya karatasi za kuvuta haifuati ukubwa wa nchi, inafuata pengo la kura kati ya mshindi na anayemfuata. Mahali ambapo mashine imeweka rekodi ya kila karatasi, na karatasi zikaonekana kulingana na rekodi zake, pengo la asilimia 10 huhitaji karatasi 62 hivi, la asilimia 1 huhitaji zaidi kidogo ya 620. Pasipo rekodi hizo, kama kwetu ambako kura huhesabiwa kwa mkono kituoni, pengo la asilimia 10 huhitaji wastani wa karatasi 600, na la asilimia 2 hupanda hadi 15,000 hivi. Pengo likiwa jembamba zaidi, ni nafuu kuhesabu zote.

Kuhesabu zote nako hakuleti imani kama kanuni hazikuandikwa kabla. Mwaka 2021, Baraza la Seneti la jimbo la Arizona liliagiza kura takriban milioni 2.1 za kaunti ya Maricopa zihesabiwe na kampuni isiyokuwa na uzoefu wa ukaguzi wa uchaguzi. Siku ya kwanza wahesabuji walionekana na kalamu za wino wa buluu, wino ambao mashine za kura huusoma, kwa hiyo alama yake kwenye karatasi ingeweza kuhesabiwa kama kura. Taratibu zilibadilishwa kazi ikiendelea. Mwishoni hesabu yao ilimwongezea Biden kura 99 na kumpunguzia Trump 261, na bado hakuna upande uliobadili msimamo kwa sababu ya zoezi hilo.

Jirani zetu Kenya wametufundisha zaidi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliagiza tume ya uchaguzi ifungue seva zake zikaguliwe. Tume haikutekeleza agizo hilo kikamilifu, na mahakama ikalihesabu hilo dhidi yake ilipofuta uchaguzi wa rais Septemba 1. Mwaka 2022 picha za fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya rais ya kila kituo, ziliwekwa mtandaoni, kila mwenye simu akaweza kujumlisha mwenyewe. Hayo ni maendeleo makubwa, ila tuseme ukweli: picha ya fomu inakagua majumlisho tu. Kilichotokea sandukuni kabla fomu haijajazwa, picha haikioni.

Kwetu Tanzania, matokeo ya ubunge hupingwa Mahakama Kuu, ambako masanduku na fomu vinaweza kuitwa kuwa ushahidi. Kwa rais, ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama yoyote kuchunguza kuchaguliwa kwake baada ya tume kumtangaza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao hapa Arusha, iliamua Julai 15, 2020, katika shauri la wakili Jebra Kambole, kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika, na ikaiagiza Tanzania kuirekebisha. Uzito wa jambo hili kwa ukaguzi ni mkubwa: hata karatasi za kura ya rais zikikutwa na kasoro, hakuna meza ya kuziweka.

Kwa hiyo kinachobaki mikononi mwa wakala ni cha siku ileile. Aandike namba za lakiri kabla sanduku halijafungwa na baada ya kufungwa, ahesabu watu waliotiwa alama, alinganishe na karatasi zilizotoka sandukuni, aombe nakala ya fomu yenye sahihi, na kabla hajaondoka aipige picha fomu iliyobandikwa ukutani, namba ya kituo ikisomeka.