Nguo nyekundu haiiti radi

Kila masika yakikaribia, na tena wakati wa vuli, ujumbe uleule hurudi kwenye makundi ya WhatsApp hapa Moshi: ukisikia ngurumo vua nguo nyekundu na ufunike kioo, maana vinavuta radi.

Si kweli. Radi ni umeme unaotafuta njia ya kufika ardhini, na rangi haiuelekezi popote. Kinachohesabika zaidi ni urefu wa kitu, kusimama kwake peke yake na ncha yake. Unaweza kujihakikishia: itazame miti iliyowahi kupigwa. Ni mirefu, nayo ni ya kijani. Kioo chenyewe huakisi tu mwanga wa radi, ukamulika chumba kizima, na mtu akadhani radi imekifuata. Na aliyepigwa akiwa na shati jekundu husimuliwa miaka. Maelfu waliovaa nyekundu wakafika nyumbani salama hakuna anayewataja.

Kinachoniumiza ni mtoto anayevua sweta jekundu, kisha akajikinga chini ya mparachichi. Hapo ndipo penye hatari. Kwa hiyo tafadhali, ujumbe huo ukikufikia usiusambaze.

Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi ngurumo isikike: kila sekunde 3 ni takriban kilomita 1. Lakini ukishaisikia tu, ingia ndani ya nyumba au gari lililofungwa, kaa mbali na bomba na vifaa vilivyochomekwa kwenye umeme, na usubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.