Roboti wa Metropolis kwa maboksi, gunia na vumbi la mbao

Kila anayemgonga kwa ukucha huyu roboti aliyesimama kwenye karakana yangu hushtuka. Macho yameshamwambia ni chuma, halafu kidole kinajibiwa "ko", mlio wa boksi la televisheni. Na boksi la televisheni ndilo.

Ni nakala ya roboti wa kike wa Metropolis, filamu ya Fritz Lang iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin, Januari 1927. Mimi hutengeneza barakoa, ngao na makorokoro mengine ya jukwaani, na wanaokuja kutaka kujifunza roboti wengi huja na picha ya C-3PO, yule wa dhahabu wa Star Wars. Huwa nawarudisha nyuma miaka hamsini. C-3PO mwenyewe ana damu ya huyu: Ralph McQuarrie, mchoraji wa picha zake za awali, alianza kwa kumtazama roboti wa Lang.

Sababu yangu kubwa lakini ni nyingine. Hata yule wa kwenye filamu hakuwa wa chuma. Mchongaji wake, Walter Schulze-Mittendorff, alifikiria kwanza kufua shaba, wazo likaachwa kwa uzito. Akaishia kwenye puti ya mbao, ile inayopakwa ikiwa laini kisha ikakauka na kuwa ngumu, ukaichonga na kuipiga msasa kama mti. Kwanza alichukua kwa plasta umbo la mwili mzima wa Brigitte Helm, mwigizaji aliyemvaa roboti huyo. Kisha akakata vipande vya gunia, akavitandazia puti ya unene wa kama milimita 2 kwa kisukumio cha jikoni, akavibandika juu ya ule mwili wa plasta. Aliyewahi kusukuma chapati ameshaielewa hatua hiyo. Mwisho akapuliza vanishi iliyochanganywa na unga wa rangi ya fedha. Basi.

Kwa hiyo ukitumia boksi na vumbi la mbao humwigi kwa umaskini. Unafuata njia ileile iliyompitisha yeye.

Plasta usiiguse. Ile nyeupe ya unga hupata joto inapoganda, na mwili mzima ndani yake ni kutafuta kuungua. Mvalishe atakayevaa fulana kuukuu na suruali ya kubana, mzungushie nailoni ya kufungia vyakula, halafu mkanda wa karatasi wanaotumia mafundi rangi, matabaka mawili. Chora kwa kalamu mistari ya viungo: shingo, bega, kiwiko, kiuno, nyonga, goti. Kata nyuma kwa mkasi wenye ncha butu, mtoe mtu wako, kisha kata kwenye ile mistari. Umepata patani ya mwili wake hasa, wala si ya kukisia.

Hamishia patani kwenye boksi. Boksi lina mifereji ndani, na hukunjika vizuri kufuata mifereji hiyo tu. Kwa paja na mkono, ielekeze kutoka juu kwenda chini. Kwa kifua na kichwa, panapopinda pande mbili, lowanisha uso mmoja wa boksi, uubambue, ubaki na mifereji wazi, hapo litakutii. Ganda likishashika umbo, bandika juu yake vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye gundi nyeupe ya seremala. Unga wa ngano uliopikwa ukawa gundi ni rahisi zaidi, nami niliutumia miaka mingi, mpaka msimu mmoja wa mvua nilipofungua stoo nikakuta ukungu umeota hadi puani na mende wamejigawia mapaja.

Puti yetu iko kwa seremala yeyote: vumbi laini la mbao, lile la kwenye msasa na si la msumeno, likandwe kwa gundi mpaka lishike kama unga wa maandazi. Paka nyembamba, acha ikauke kabisa, paka tena. Ukiipaka nene kwa pupa, inasinyaa na kupasuka katikati. Kisha msasa, kuanzia wa namba 80 kwenda 120, 240, hadi 400, na kati ya kila hatua zima taa, shika tochi, imulike kazi kwa ubavu. Tochi itakuonyesha mabonde ambayo mchana huyaoni. Nusu ya siku za kazi hii ni msasa. Wanafunzi wangu huchoka hapa, na hapa ndipo roboti anapopatikana au kupotea, maana rangi ya fedha haifichi kitu. Shimo dogo kama punje ya ulezi, fedha italitangaza.

Rangi: nyeusi ya kung'aa kwanza, ikauke siku mbili, ndipo fedha ya kupuliza, mapito mepesi. Vanishi juu yake sipaki, huifanya fedha iwe kama majivu. Kwenye mikunjo na kandokando nasugua unga wa penseli laini kwa kitambaa, na hiyo ndiyo inayodanganya macho kuliko kopo lolote la rangi. Kumbuka pia Metropolis ni ya nyeusi na nyeupe. Anachokikumbuka mtazamaji ni jinsi mwanga ulivyoteleza kwenye ule mwili.

Sasa viungo. Ganda la Schulze-Mittendorff lilitokana na mwili uliosimama, na Helm alitakiwa kuketi kitini ndani yake. Kingo zilimchubua. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo, na bado roboti wangu wa kwanza nilimuunganisha kiuno na mapaja kipande kimoja ili asionekane mshono. Kijana aliyemvaa alifika kwenye ngazi za jukwaa akakwama. Tukambeba watu watatu kama mgomba. Siku hizi kila kipande kinajitegemea, kimeshonewa lastiki pana kwa ndani, na kati ya kipande na kipande naacha nafasi ya vidole viwili, inayozibwa na nguo nyeusi anayovaa chini. Kingo zote nazizungushia sponji ya godoro. Kabla ya rangi, sharti avae, aketi, ainame afunge kamba za kiatu, apande ngazi mara tatu. Pale anapoguna, natia alama ya chaki na kukata.

Kichwa nakifanya mwisho, vipande viwili, uso na kisogo, kwa sumaku nne ndogo kutoka kwenye spika mbovu. Matundu ya macho hayamtoshi aliyemo ndani, hivyo chini ya kidevu naacha upenyo aone miguu yake. Na lazima awepo mtu wa kumshika mkono gizani.